LISHA PEREGE VIZURI, NAYE ATAKULISHA VIZURI

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa wavuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Wakati kama huo mkulima mwenye bwawa la perege hakosi kitoweo. Lakini yafaa ajue kwamba perege mnene si lazima awe perege bora.

Mafuta ya samaki hufuata chakula alacho. Perege alishwaye pumba tupu hunenepa, lakini nyama yake hupungukiwa na mafuta ya omega-3, ambayo hujenga ubongo na macho ya mtoto tangu angali tumboni. Mafuta hayo yamo katika dagaa, na pia hutokana na vijimea vidogo vinavyoyafanya maji ya bwawa kuwa ya kijani.

Basi fanya hivi:

1. Tia samadi bwawani kidogo kidogo kila juma. Kupima maji, tumbukiza mkono hadi kiwiko. Kiganja kikionekana wazi, ongeza samadi. Kikitoweka kabla kiwiko hakijagusa maji, acha kutia.

2. Kwa kilo 10 za chakula, changanya pumba za mahindi au mpunga kilo 5, mashudu ya alizeti kilo 3, na dagaa waliosagwa kilo 2.

3. Kanda kwa uji wa unga wa muhogo, fanya vidonge vidogo, kisha anika kivulini, maana jua kali huharibu mafuta. Weka mahali pakavu. Chakula kilichoota ukungu huweza kuwa na sumu, kitupe.

4. Perege 100 wenye uzito wa gramu 100 kila mmoja wapewe gramu 300 kwa siku: nusu asubuhi, nusu alasiri.

Usiwatoe dagaa chunguni kwa ajili ya bwawa. Dagaa mzima, aliwaye na mifupa yake, ni chakula bora cha mtoto. Waperege wapewe dagaa waliovunjika wasiouzika, ila si waliooza, nao wachekechwe mchanga kwanza. Wakiwa haba, waweke hadi miezi miwili ya mwisho kabla ya kuvua. Mafuta ya samaki hubadilika kwa chakula cha karibuni. Miezi ya mwanzo tumia pumba, mashudu na maji ya kijani.

Siku ya kuvua, tenga kwanza fungu la mama mjamzito na watoto. Sokoni peleka wanaosalia.