Wembamba wa Mwili na Njia Njema ya Kutafuta Nguvu

Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad ya kwamba Swahaba mtukufu Abdullah bin Mas'ud (r.a.) siku moja alipanda mti wa mswaki akikata vijiti. Alikuwa mtu mwembamba wa miundi. Upepo ukavuma ukamyumbisha, na watu waliokuwapo wakacheka. Mtume wetu (s.a.w.) akawauliza wanachekani, wakajibu kuwa wanacheka wembamba wa miguu ile. Mtume (s.a.w.) akaapa ya kwamba katika Mizani miguu hiyo ni mizito kuliko jabali la Uhud.

Tumeanza kwa habari hii, ndugu wasomaji, kwa sababu kicheko kile kingalipo hata leo. Kijana mwembamba huitwa ng'onda, huitwa kimbaumbau, huambiwa kuwa upepo utampeperusha; na aghalabu maneno hayo huanzia nyumbani, penye sinia ya chakula, mbele ya nduguze. Mzaha huo ndio unaompeleka kutafuta dawa ya kunenepa kwa siri.

Kijana mmoja wa miaka 19 alitusimulia yaliyomfika. Alinunua vidonge dukani bila ya cheti cha daktari, akavimeza kwa muda wa miezi 2. Mashavu yakajaa, na watu wa nyumbani wakafurahi wakisema, "Mashaallah, sasa umepata afya!" Lakini yeye mwenyewe aliona ajabu: uso ulinenepa, na huku mapaja yalilegea hata kupanda ngazi kukawa taabu. Fedha zilipomwishia akaacha ghafula, akaanguka kwa udhaifu na kutapika, akachukuliwa hospitali. Huko ndiko alikoambiwa kuwa vidonge vile ni deksamethasoni.

Hiyo ni dawa ya kweli, nayo imeokoa wengi, lakini hutolewa na daktari kwa maradhi maalumu na kwa kipimo. Mtu mzima akiimeza ili anenepe, humjaza maji na mafuta usoni na tumboni, na wakati huo huo hula misuli ya mapaja na mikono, hudhoofisha mifupa, na hupandisha sukari na shinikizo la damu. Mwili ukiizoea huacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Ndiyo maana kuiacha ghafula kwaweza kuua. Basi aliyekwisha kuitumia kwa majuma kadha asiikatishe kwa shauri lake. Na aende kwa daktari ampunguzie kidogo kidogo.

Kuna na vidonge vya siproheptadini, ambavyo asili yake ni dawa ya mzio. Huleta hamu ya kula, na huleta usingizi mzito. Ukiviacha, hamu huondoka. Ama sindano za homoni wanazochomana baadhi ya vijana wanyanyuao vyuma, hizo husinyaza korodani, huweza kuzuia uzazi, na hudhuru moyo na ini. Mwili ni amana tuliyopewa, na amana haifanyiwi mchezo.

Je, twasema kuwa kutafuta nguvu ni vibaya? Hasha. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa muumini mwenye nguvu ni bora na apendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko muumini dhaifu, kisha akaongeza kuwa kila mmoja wao ana kheri. Na katika Sunan ya Abu Daud, Bibi Aisha (r.a.) ameeleza ya kuwa mama yake alitaka anenepe, akajaribu mambo mengi asifanikiwe, mpaka alipomlisha matango kwa tende mbivu zisizokaushwa, ndipo akanenepa vizuri. Tazameni, enyi kina mama: shauri lilikuwa la mzazi, na dawa ilikuwa chakula.

Jambo la kwanza ni kujua kama wembamba huo ni maumbile au ni maradhi. Kwa mtu mzima, madaktari hugawa uzito wa kilo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe; jibu likiwa chini ya 18.5, uzito ni mdogo. Mwenye kimo cha mita 1.70 hufika mpaka huo akiwa na kilo 53.5. Mwembamba wa tangu utotoni, mwenye kula na mwenye nguvu za kazi, kwa kawaida si mgonjwa. Lakini anayekonda bila sababu, au akohoaye kwa wiki 2 au zaidi, au atokwaye jasho jingi usiku, au mwenye kiu na mkojo mwingi, huyo na aende hospitali kwanza, kwani huenda ikawa kifua kikuu, au kisukari, au maradhi mengine.

Jambo la pili ni chakula. Atakaye kuongezeka aongeze kiasi cha kalori 300 hadi 500 kwa siku juu ya kawaida yake. Karanga gramu 30, maziwa kikombe kimoja na tende gramu 50 hutoa jumla ya kalori 450 hivi. Wala hapana haja ya kushindilia tumbo, jambo ambalo dini imetukataza. Mwembamba aongeze nyakati za kula, si kilima cha sahani: milo yake mitatu, na baina yake vitu viwili vitatu vidogo.

Misuli hujengwa kwa protini. Anayejizoeza yamtosha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Basi mwenye kilo 50 ahitaji gramu 80. Mayai 2 yana gramu 12; maziwa vikombe 2, gramu 16; samaki aliyepikwa gramu 100, kiasi cha 22; kikombe cha maharage yaliyoiva, 15; na karanga zile, 7. Hizo ni 72, na zilizobaki hutoka katika ugali, wali au chapati. Asiyeweza kununua samaki mkubwa anao dagaa, kunde na choroko.

Jambo la tatu ni mazoezi, kwani chakula bila ya kazi huishia kitambini. Siku 3 kwa juma, na siku ya mapumziko katikati, kijana apige pushapu, achuchumae na kuinuka, na anyanyue ndoo ya mchanga. Kila zoezi mara 8 hadi 12, kwa mizunguko 3. Likiwa jepesi, aongeze mchanga. Binti zetu nao waweza kufanya hayo ndani kwa stara. Kisha alale saa 8, maana misuli hukua mtu anapopumzika. Na katika Ramadhani asiache daku, yenye baraka.

Tena awe na subira. Robo kilo kwa juma ni mwendo mwema, na katika miezi 3 itakuwa kilo 3 hivi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kijana wetu yule sasa ametengenea, na mama yake humwekea maziwa na karanga kila jioni. Alituambia kwamba kilichomponya zaidi ni babake kukataza mzaha ule nyumbani. Basi nasi, wazazi wenzetu, tuzichunge ndimi zetu, tusije tukawasukuma watoto wetu kwenye vidonge kwa kicheko kama kile alichokikemea Mtume (s.a.w.).

Mwenyezi Mungu atupe afya, na atujaalie kuitumia katika twaa yake. Amin.