Mtaro mpya ukifika bondeni, mboga zako zitamwagiliwa maji gani?

Vijana mnaolima mchicha, chainizi na matembele kwenye mabonde ya Dar es Salaam mnaniuliza swali moja kwa namna tofauti tofauti: mji unajenga mitaro, unatengeneza mito, unashughulikia majitaka, je, sisi wa bondeni tunapata au tunakosa? Inategemea kipi kimejengwa kwanza. Mtaro wa maji ya mvua ni kitu kimoja, mfumo wa majitaka ni kitu kingine, na mkulima anayevichanganya anaweza kuweka mtaji wake mahali pabaya.

Tuanze na mvua. Ikinyesha shambani, sehemu kubwa inazama ardhini. Ikinyesha kwenye bati, lami na zege, inateleza yote. Kazi ya mtaro wa zege ni kuyaondoa maji hayo haraka, na kwa mwenye duka Kariakoo hiyo ni habari njema kabisa. Wewe uliye chini, maji yale yale yanakufikia mapema zaidi na kwa kishindo zaidi, labda mradi uwe umetenga sehemu ya kuyatuliza njiani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, kwa hiyo simlaumu mtu anayedai mitaro. Ila ukiona mtaro unachimbwa juu yako, uliza unaishia wapi.

Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022, angalau umeliona hilo. Hauishii kwenye mitaro: kuna kupanua njia ya mto upande wa chini, kuinua daraja la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi iliyokuwa ikizama kila masika, na kuacha eneo la wazi ambalo maji yakijaa yanatawanyika bila kuua mtu. Kitaalamu ni sawa. Lakini ardhi ya kutulizia maji haipatikani mlimani, ndugu zangu. Inapatikana bondeni, pale pale penye matuta.

Hapo ndo sheria inaingia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mnajua na mimi najua kwamba watu wanalima humo miaka nenda rudi. Ushauri wangu ni huu: usichimbe kisima wala kusimamisha kitalu nyumba ndani ya eneo hilo kwa pesa ya mkopo. Weka vitu unavyoweza kubeba jioni moja: pampu ndogo, mipira, matangi ya plastiki. Na kama umekodi, andikishana na mwenye eneo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mthamini akija siku moja, atataka kuona karatasi, na mwenye shamba asiyelima anaweza kuhesabiwa mazao yako.

Sasa uchafu. Kaya nyingi za Dar hazijaunganishwa na bomba la majitaka. Zinatumia vyoo vya shimo na makaro. Gari la kunyonya ni gharama, kwa hiyo mvua kubwa ikianza, wapo wanaotapisha choo usiku na kuuachia mtaro ufanye kazi. Mtaro ukiwa mzuri zaidi, kinyesi kinafika bondeni haraka zaidi. Ndiyo maana nasema mitaro bila majitaka ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki inamwagwa kwenye mboga zako. Hasa mvua za kwanza baada ya kiangazi: zinasomba takataka, mafuta ya gereji na kila kilicholala mtaani miezi yote. Siku hizo usivute maji ya mto hata kama mbegu inalia.

Majitaka yakisafishwa vizuri, hadithi inabadilika. Mabwawa ya majitaka kama ya Vingunguti hufanya kazi kwa hatua. Bwawa la kwanza lina kina kirefu, uchafu mzito unatuama na kuoza bila hewa. La pili ni la kina kidogo, bakteria na mwani wanamalizia. Ya mwisho ni mapana na ya kina kifupi, na jua linaua vimelea. Siri yake ni siku: maji yakikaa muda wa kutosha, hata mayai ya minyoo yanazama. Mji ukileta majitaka mengi kuliko uwezo wa mabwawa, au tope lisipotolewa, maji yanapita mbio na kutoka yakiwa bado na vimelea, hata kama yanaonekana meupe.

Moshi, kule Mabogini, wakulima wa mpunga wamekuwa wakitumia maji yanayotoka kwenye mabwawa ya mji. Mpunga unakobolewa na kupikwa, hivyo hatari kwa mlaji ni ndogo. Anayetembea ndani ya maji yale ndiye avae mabuti. Angalieni pia mbolea. Maji hayo yana naitrojeni tayari, ukimwaga na urea kama kawaida mpunga unarefuka, unalala, na unavuna majani.

Kwa mboga za kuliwa mbichi, kigezo cha Shirika la Afya Duniani cha 1989 bado ni rahisi kukumbuka: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Ukiwa juu ya hapo, panda vya kupikwa, acha letusi na kotimiri. Umwagiliaji wa matone unasaidia sana kwa nyanya na bilinganya kwa sababu tunda haligusi maji, ila weka chujio, maana mwani wa bwawani unaziba matundu ndani ya wiki chache. Keni inayonyeshea majani ndiyo mbaya kuliko zote. Ukishindwa kuiacha, sitisha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, jua likusaidie.

Na lile tope la mabwawa mnalouziwa kama mbolea, lisiguse bustani kabla halijakaa mwaka mzima likiwa kavu.

Metali nzito kutoka viwandani jua haliziui. Kama juu yako kuna viwanda au gereji nyingi, pima udongo na maji kabla ya kulipa kodi ya msimu. Mamlaka ya maji ya mji wako hupima maji yanayotoka mabwawani. Andika barua kupitia ofisi ya kata, omba majibu ya kiangazi na ya masika, yote mawili, kwa sababu bwawa linalofaulu Agosti linaweza kufeli Aprili.