Mtoto atavukia wapi? Uliza kabla mradi haujajengwa

Kikija kituo kipya cha mafuta au jengo la maduka mtaani, wengi huuliza kwanza habari za ajira na bei ya viwanja. Swali la watoto watavukia wapi huja baadaye, mara nyingi baada ya ajali.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29.

Jijini Dar es Salaam, mpango wa SARSAI wa shirika la Amend uliweka matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu karibu na shule za msingi. Kwingine geti la shule lilihamishwa tu, litazame barabara ndogo. Geti, si daraja la mabilioni! Mwaka 2019 mpango huo ulishinda Tuzo ya Miji ya WRI Ross, dola 250,000 za Marekani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kwenye tathmini ya athari za mradi. Mzazi, ukiitwa kwenye kikao hicho, usiishie kwenye vumbi na kelele. Uliza magari yataingilia na kutokea wapi, malori yatashusha mzigo saa ngapi, na nani atalipia tuta na kivuko. Majibu yaandikwe kabla kibali hakijatoka.