Msitu ni wa Nani? Fundisho la Babati kwa Kila Nyumba

Inapotajwa jinai, fikra zetu humkimbilia mwizi wa mifugo au mvunja nyumba. Ni wachache wetu wanaomkumbuka anayeteketeza msitu au anayemwaga taka katika mkondo wa maji, ilhali dhuluma yake huwafikia hata watoto ambao hawajazaliwa.

Kwa nini kosa hili halituumi? Mwanazuoni wa elimu-jamii wa Ufaransa, Émile Durkheim, alieleza mwaka 1893 kwamba jamii huhesabu kitendo kuwa jinai pale kinapojeruhi dhamiri ya walio wengi. Kwa kipimo hicho, sheria peke yake haitoshi endapo watu wanauona msitu kuwa ni mali ya serikali, yaani mali isiyo na mwenyewe.

Familia za Singe, mjini Babati, hazina haja ya kutafuta ushahidi mbali. Katika Wilaya ya Babati upo msitu wa Duru-Haitemba, wenye takriban hekta 9,000 za miombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake. Wanavijiji, wakihofia kunyang'anywa, walizidi kuukata. Kuanzia mwaka 1994 mwelekeo ukabadilika: vijiji vinane, vikiwamo Duru, Riroda na Ayasanda, vikakabidhiwa ulinzi wake. Vikaweka mipaka, walinzi na sheria ndogo zao wenyewe, na uharibifu ukapungua sana. Watu walikuwa wale wale na mashoka yale yale. Kilichobadilika ni kwamba msitu ulipata wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikautambua utaratibu wa misitu ya vijiji kote Tanzania Bara.

Liko na fundisho la pili. Mwaka 1939 mwanazuoni wa Marekani, Edwin Sutherland, aliwakosoa wenzake kwa kuwachunguza wahalifu maskini tu, huku makosa ya wenye vyeo na mali yakiachwa. Nasi tujiulize: mwenye baiskeli na magunia mawili ya mkaa akikamatwa, je, aliyemtuma na mwenye lori huulizwa?

Hatusemi haya kuwalaumu akina mama wasiomudu gesi. Tunasema kwamba mnunuzi naye ana sehemu yake. Baba au mama anayemuuliza mchuuzi mkaa umetoka wapi, na kama una kibali, huwa ameanza kuziba njia ya dhuluma hiyo. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, haki ya kuidai mbele ya sheria, na wajibu wa kuyalinda.

Basi tuanzie majumbani. Watoto wetu wafundishwe kuwa mti wa kijiji, kisima cha mtaa na Ziwa Babati ni amana, na kwamba kuiba amana ya wote si kosa dogo kuliko kuiba mbuzi wa jirani.