Nani Alichimba Shimo la Mungu?

Kaeni hapa nyuma yangu, msisogee ukingoni. Mkitoka kwetu Mkunya mkafika Newala mjini, ndipo mnapopakuta hapa: ardhi inakatika ghafla, bonde la Ruvuma linafunguka hadi Msumbiji. Wazee wakapaita Shimo la Mungu. Hawakusema Mungu alitumia jembe gani.

Wapo watu huko ughaibuni wanaodai wanalijua jembe lenyewe: umeme. Eti zamani sayari zilikaribiana, zikarushiana radi za kutisha, na radi hizo zikachimba makorongo. Mfano wanaoupenda ni Valles Marineris, korongo la Mirihi lenye urefu wa kilomita 4,000. Ukililaza kuanzia Mtwara litavuka bara hadi Luanda, na bado litabaki la kuzidi. Ushahidi wanautafuta kwenye hadithi za kale za miungu wenye kurusha radi. Njia hiyo waliikuta kwa Immanuel Velikovsky, daktari wa magonjwa ya akili, aliyeandika mwaka 1950 kwamba Zuhura ilichomoka ndani ya Mshtarii, ikapita karibu na dunia miaka kama 3,500 iliyopita, na mababu wakaiona kwa macho.

Hadithi tamu, sikatai. Lakini Wamakonde nao husimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga mwanamke kwa mti, na kile kinyago kikaamka kikawa mke. Sijaona mtoto anayemkagua mama yake kutafuta vibanzi.

Msije mkasema umeme hauna kazi angani. Hewa ikipata joto kali mno, chembe zake huvunjika zikabeba umeme. Hali hiyo huitwa plasma. Jua ni plasma. Njia ya radi nayo ni plasma, yenye joto la nyuzi kama 30,000, mara tano ya uso wa jua. Hannes Alfvén wa Uswidi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa elimu hiyo. Hiyo imepimwa. Ya sayari kurushiana radi ndiyo haishikiki.

Mnaukumbuka ule mkorosho uliopigwa radi? Gome limebanduka kutoka tawini hadi shinani, upana wa kiganja, maana maji ya ndani yalichemka mara moja yakawa mvuke. Chini yake hakuna hata shimo la kufukia mbegu moja ya korosho! Radi ikipiga mchanga huuyeyusha, ukaganda kama kijiti cha kioo chenye tundu katikati. Ingekuwa radi ndiyo iliyochimba hapa, tungekanyaga vioo. Miaka yote nimekanyaga mchanga tu.

Mchimbaji ni maji, na hajamaliza kazi. Desemba mvua zikianza, njooni mtazame vijito vinavyoteremka vyekundu, kila kimoja kimebeba kipande cha Newala kukipeleka Ruvuma. Radi ikinguruma, msijikinge chini ya mkorosho. Kimbilieni ndani ya nyumba.