Kosa ni mwalimu? Kweli na uongo kuhusu jibini ya Masisi

«Fromaji ya Masisi ni ya wazungu, sisi tumeiga tu.»

Kweli nusu. Wamisionari Wakatoliki kutoka Ubelgiji waliileta jibini hii katika milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1970, kwa mtindo wa Gouda ya Uholanzi. Lakini Gouda ya kiwandani hutengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu, bila kuchemshwa, kisha yakapozwa, bakteria walionunuliwa, mizani, na vyumba vinavyopozwa kwa umeme. Kwenye malisho ya Masisi, maziwa hutoka kwa ng'ombe na kuingia chunguni yakiwa mabichi, na baridi ya milima ndiyo friji. Kilichoigwa ni mwendo wa mikono: gandisha, kata, kamua, tia chumvi, geuza. Mengine yote, mafundi wa huko walilazimika kuyatafuta wenyewe.

«Maziwa yakipashwa zaidi yataganda haraka zaidi.»

Hapa ndipo wanafunzi wengi hunaswa, maana mwanzoni ni kweli. Dawa ya kugandisha, ile itokayo tumboni mwa ndama, hufanya kazi polepole maziwa yakiwa baridi. Yapashe moto kidogo, yaganda mapema. Mtu akiona hivyo hujiambia: basi niongeze kuni. Lakini kwa kawaida jibini ya aina hii hugandishwa kwenye nyuzi joto 30 hivi, na ukielekea 60 dawa huharibika, chungu kikabaki na maziwa ya maji. Jaribio la kwanza lilimfundisha kweli. La tatu limemwadhibu kwa kuiamini kupita mipaka yake.

«Jibini yenye matundu imeharibika.»

Uongo, ila si wote. Matundu machache hutokana na gesi ya bakteria wema, na jamii ya Gouda inayo tangu zamani. Lakini jibini ikivimba siku ya kwanza au ya pili, ndani ikawa kama sifongo, huo ni uchafu: chuchu hazikuoshwa, au bidoni ilisuuzwa kwa maji ya mtoni tu. Kuongeza chumvi mwishoni hakutafuta kilichoanza zizini.

«Kosa ni mwalimu.»

Inategemea mwalimu huyo anajibu lini. Shuka kutoka Masisi uingie misitu ya Walikale, kwa wachimbaji wa kasiteriti, madini ya bati yaliyokijaza watu kilima cha Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kasiteriti ina uzito wa karibu mara saba ya maji. Mchanga wa kawaida haufiki mara tatu. Anayejifunza kuosha akifungulia maji kwa nguvu mno, chembe nyeusi zinaondoka na taka mbele ya macho yake. Anazikusanya, anapunguza maji, anaosha tena. Kosa, jibu na marekebisho, vyote kabla ya jua kutua.

Kwa jibini, jibu huchukua majuma. Kilo moja hula lita kumi za maziwa, au karibu na hapo, halafu inasubiri kwenye rafu. Siku ukiikata na kukuta ni chungu, umeshatengeneza nyingine nyingi kwa njia ileile, mvua imeanza, majani yamebadilika na maziwa pamoja nayo. Kosa lilikuwa lipi? Fundi asiyeandika tarehe juu ya kila jibini na asiyebadili jambo moja kwa wakati hafundishwi na kosa lake, hata akilirudia miaka ishirini. Wengi tunaowaita wazoefu wako hapo, nasema bila kuwakosea heshima.

Hata mwalimu wa Walikale hudanganya mara nyingine. Maji hutenga kwa uzito, hayatengi kwa jina. Koltani na mawe ya chuma ni mazito pia, na mengine ni meusi vilevile, hivyo weusi uliobaki chini hausemi umepata nini. Jibu hilo huja kwa mnunuzi anayepima, naye ana faida yake ya kulinda.

«Vita vilifuta ujuzi.»

Uongo. Tangu mapigano ya 1993, mifugo ya Masisi iliporwa na kuchinjwa kwa wingi mno. Ng'ombe waliporudi, jibini ilirudi.

«Kipimajoto ni anasa, mkono unatosha.»

Uongo, na sababu ni baridi yenyewe. Alfajiri kwenye mwinuko wa mita 2,000, vidole vilivyotoka kukamua nje vikitumbukizwa kwenye maziwa vuguvugu huyaona ya moto. Saa sita mchana, mkono uleule utayaona ya kawaida. Mwanafunzi anayemwiga fundi wake kwa kutumbukiza kidole anaiga kidole tu. Vidole vya fundi vimekaa karibu na moto tangu alfajiri.