Kuiongoza Swichi ya Video kwa Amri za Maandishi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Katika kumbi nyingi za mikutano, maabadi na shule, projekta moja huhudumia vyombo kadhaa: kompyuta, kamera na dekoda. Kifaa kinachoamua picha ipi ionekane huitwa swichi ya video. Aghalabu hufungiwa kabatini, mbali na msemaji, na fundi huiunganisha na kompyuta au vitufe vya ukutani ili iongozwe kutoka mbali. Siku fundi huyo asipopatikana, mwenye ukumbi hugundua kuwa amelipia chombo asichoweza kukiamuru.

Jinsi kinavyofanya kazi

Nyuma ya swichi nyingi pana tundu la pini 9, au vibano vitatu vya skrubu, vya mawasiliano ya RS-232. Kiwango hiki kilitolewa Marekani mwaka 1960 na kingali kinatumika. Herufi hupita katika waya mmoja, biti baada ya biti. Majibu hurudi katika waya wa pili, na wa tatu ni wa ardhi.

Amri zenyewe ni maandishi mafupi. Kwa mfano, katika swichi nyingi za Extron, tarakimu 2 ikifuatwa na alama ya mshangao huchagua chombo cha pili, na swichi hujibu kwa maandishi kuthibitisha. Kila mtengenezaji ana amri zake. Wengi hutaka amri ifungwe kwa alama ile itumwayo na kitufe cha Enter. Ikikosekana, swichi husubiri tu, nawe ukadhani imeharibika.

Pande zote mbili sharti zikubaliane kuhusu kasi. Mpangilio wa kawaida ni biti 9600 kwa sekunde, biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, na biti 1 ya kukomea. Kasi zikitofautiana, huonekana herufi zisizosomeka.

Kabla ya kununua

1. Omba jedwali la amri za modeli unayonunua, wala si la modeli inayofanana nayo.

2. Hakikisha kebo ya USB ni ya RS-232 halisi. RS-232 hutumia volti chanya na hasi, zinazoweza kufikia 15. Kebo za volti 3.3 au 5, zilizokusudiwa bodi ndogo za elektroniki, zaweza kuungua ingawa kwa nje hufanana nayo.

3. Pima umbali. Urefu wa kebo unaopendekezwa kwa desturi ni hadi mita 15.

4. Andika katika mkataba kwamba fundi atakukabidhi nakala ya programu, mipangilio na nenosiri kabla ya malipo ya mwisho.

5. Chagua swichi yenye vitufe vya mkono, ili shughuli isikwame mitambo ikigoma.

Usalama

RS-232 yenyewe haina nenosiri: aifikiaye kebo ndiye aamuruye. Kwa hiyo kabati lifungwe. Swichi zinazopokea amri zizo hizo kupitia mtandao mara nyingi hutumia Telnet, mlango wa 23, ambapo kila herufi, hata nenosiri, hupita bila kufichwa. Usiruhusu mlango huo ufikiwe kutoka intaneti, na ubadilishe nenosiri la kiwandani siku ile ile ya kufungiwa kifaa.

Haki yako

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya humpa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Kwa hiyo unapodai jedwali la amri huombi hisani. Ukinyimwa, mwandikie muuzaji malalamiko yenye tarehe na uhifadhi nakala pamoja na risiti na mkataba. Kisha, kabla ya kuweka sahihi ya kupokea kazi, mwambie fundi akae kando, nawe ubadilishe picha mwenyewe.